Jinsi ya kutengeneza gazeti la mwaka 1977 na wanafunzi wako: mwongozo kamili kwa walimu wa Unguja na Pemba

Walimu wengi wakisikia gazeti la zamani, fikra ya mwanzo inayowajia ni kuchovya karatasi kwenye chai ya rangi ipate unjano ionekane kongwe. Naomba tuanze hapo hapo, chai wachaneni nayo. Gazeti la 1977 siku lilipotoka lilikuwa jeupe linanuka wino, na alolishika mkononi hajui kesho kutatokea nini. Na zoezi lote liko hapo, mwanafunzi akae ndani ya siku moja ya zamani aandike kama mtu wa siku ile, bila ya kujua yaliyokuja baadae. Ukiwaambia "andikeni kuhusu miaka ya sabini" watakuletea notisi za kitabuni zimepangwa safu tatu, basi. Ukiwaambia gazeti hili halijui kesho, hapo ndo wataanza kuumiza kichwa.

Mwongozo huu nimeupanga kwa fomu one mpaka fomu tatu, darasa la watu arubaini hivi, vipindi viwili kwa wiki, mwezi mmoja. Darasa la sita na la saba pia wanaweza, punguza kurasa tu.

KWANZA CHAGUA SIKU, SIO MUONGO

Muongo ni mrefu mno. Mwaka 1970 na 1979 Zanzibar ni kama nchi mbili tofauti, mwanzo Mzee Karume yuko hai, mwisho tushatoka kwenye vita vya Amin. Ukichanganya yote kwenye gazeti moja unapata uji. Chagua tarehe moja, gazeti litoke siku hiyo, na kila kitu kilichotokea baada ya hapo kiwe haramu kuandikwa.

Mimi napendekeza Jumapili, tarehe 6 Februari 1977. Sababu ni kwamba jana yake, Jumamosi tarehe 5, TANU na ASP zimeungana ikazaliwa Chama cha Mapinduzi, na sherehe zenyewe zilikuwa hapa hapa Unguja uwanja wa Amaan, kwa hiyo habari kubwa ya ukurasa wa mbele unayo na wazee waliokuwepo uwanjani bado wapo. Pia siku hizo hizo mambo ya Afrika Mashariki yalikuwa moto, Tanzania imefunga mpaka na Kenya, ndege za East African Airways zimesimama, Jumuiya iko kitandani lakini haijazikwa rasmi. Lagos huko wako kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililoanza Januari. Marekani Jimmy Carter ana wiki mbili na kitu madarakani. Uganda Amin anatawala. Yaani kila ukurasa una kitu cha kuweka.

Najua kuna wenzangu watasema hii siasa, skuli hatutaki. Wasiwasi nnauelewa, hasa kwetu. Kama uko karibu na uchaguzi wacha kabisa tarehe hii, na wakati wowote mwengine mwambie mwalimu mkuu mapema, umuoneshe kwamba ni habari ya 1977 na wala sio kampeni. Kama bado hupendi kuna siku nyengine: asubuhi ya baada ya Muhammad Ali kumpiga George Foreman kule Kinshasa (pigano lilikuwa 30 Oktoba 1974), au siku baada ya uhuru wa Msumbiji, uhuru wenyewe ni tarehe 25 Juni 1975. Tarehe 8 Aprili 1972, siku baada ya kuuliwa Mzee Karume, siwashauri kwa watoto. Ni msiba, halafu kuna familia nyingi zina maumivu yao upande huu na upande ule, na darasani mwako watoto wa familia hizo wote wamo. Mapinduzi yenyewe ya 1964 ni vivyo hivyo. Sisemi yasisomeshwe, nasema mchezo wa kujifanya mwandishi wa siku ile sio njia yake.

Mfano wote huu ntautoa kwenye 6 Februari 1977.

KALENDA, MWEZI NA UPEPO

Kabla ya habari yoyote watoto watengeneze kichwa cha gazeti, na hapo tayari kuna somo. Kalenda ya 1977 siku zake ni sawa sawa na ya 2022, kwa hiyo kalenda kuukuu ya 2022 iliyosahaulika ukutani itakufaa. Halafu tarehe ya kiislamu: tuko katikati ya Mfunguo Tano mwaka 1397. Waulize wanafunzi, ikiwa ni katikati ya mwezi basi maji yakoje? Yule mtoto wa mvuvi ambae siku zote anakaa nyuma kimya atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kutoka sana. Mwezi Februari upepo ni kaskazi, joto, masika bado. Basi ushapata kisanduku cha hali ya hewa na bahari bila kufungua kitabu, na kila kilichomo ni kweli.

Jina la gazeti walibuni wenyewe. Wasitumie majina ya magazeti yaliyokuwepo kweli kama Mwongozi, Afrika Kwetu, Al-Falaq au Kweupe, maana yale yana historia yake na wenyewe. Ila waelezwe kidogo kwamba Zanzibar magazeti yalianza zamani sana, Gazette ya Zanzibar ni ya 1892, na miaka ya hamsini mjini hapa kulikuwa na magazeti mengi kila chama na lake wakirushiana maneno. Baada ya Mapinduzi magazeti binafsi yakapotea, mpaka kufika 1977 habari watu wanasikia redioni na kwenye televisheni. Kwa hiyo gazeti lenu ni la kubuni, linajaza pengo ambalo kweli lilikuwepo.

Na chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo lakini zinasomeka: "Gazeti la mazoezi, limetengenezwa na wanafunzi", jina la skuli na mwaka wa leo. Hili lifanyeni tangu siku ya kwanza. Picha ya ukurasa mmoja ikitoka kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, wiki ya pili utaletewa wewe mwenyewe na mtu anakuapia kwamba ni gazeti la kweli kalikuta kwa babu yake.

KUGAWA DARASA

Makundi matano ya watu wanane yanatosha. Moja ukurasa wa mbele, moja habari za ndani pamoja na barua za wasomaji, moja habari za nje, moja michezo na burudani, moja matangazo, bei na picha. Halafu kila kundi litoe mtu mmoja awe kwenye meza ya wahariri, hao ndo wasakaji, kazi yao ntaieleza mbele.

Usiwaache wachague wenyewe mote, vyenginevyo wanaume wote watakimbilia michezo. Na kundi la matangazo lisionekane la wavivu, mimi naliona ndo gumu kuliko yote, sababu tangazo la sabuni linataka ujue sabuni gani ilikuwa inapatikana, inauzwa wapi, bei gani. Habari ya Amaan ipo vitabuni. Bei ya sabuni lazma ukaitafute.

KUTAFUTA HABARI, HAPA NDO PENYE KAZI

Vitabu vya skuli wape siku moja tu, wachukue tarehe kubwa kubwa. Baada ya hapo watoke.

Chanzo kikubwa ni wazee. Alokuwa na miaka kumi na tano mwaka 1977 sasa yuko sitini na kitu, anatembea, ana akili zake, na mara nyengine kachoka kukaa peke yake na hakuna anaemuuliza kitu. Waende baada ya alasiri, wawili wawili, wasiende kundi zima. Wamuamkie, wakae, wazungumze kidogo habari za nyumbani, sio kufika na kutoa simu kurekodi. Kurekodi waombe ruhusa, na kama mzee hataki waandike kwa mkono. Jina lake lisichapwe kama hajakubali, waandike tu "bibi mmoja wa Kikwajuni" au "mzee wa Wete".

Sasa kosa la kila mtoto ni kuuliza "Babu, tuelezee miaka ya sabini ilikuwaje". Jibu ni moja Unguja na Pemba: "Aaa zamani kulikuwa na heshima mjukuu wangu, siku hizi..." na hapo utasikiliza lawama za siku hizi mpaka magharibi. Waulize kitu cha kushika mkononi. Mkate. Viatu. Baiskeli. Maongezi yanaweza kwenda hivi:

"Bibi, mkate mlikuwa mnanunua wapi?"
"Mkate? Mkate ulikuwa foleni mwanangu."
"Foleni ikianza saa ngapi?"
"Alfajiri, watu wakitoka kusali. Wengine waweka jiwe lao, jiwe ndo limeshika nafasi."
"Mwaka gani hiyo bibi?"
"Mie miaka siijui."
"Ulikuwa ushaolewa?"
"Nishaolewa, na huyu mamaako mkubwa keshazaliwa."
"Mzee Karume yu hai?"
"Alaa, keshafariki, yuko Jumbe."

Tizama hapo. Bibi "miaka siijui" lakini kwa masuali mawili matatu tushajua ni baada ya Aprili 1972, maana Aboud Jumbe ndo alomrithi Karume, na ukijua mamkubwa kazaliwa lini unazidi kuibana. Kwa hiyo kabla hawajatoka wape kila mmoja karatasi ndogo ya vigingi vya wakati: Mapinduzi 1964, kufariki Karume 1972, CCM 1977, Amin kuvamia Kagera mwishoni mwa 1978 na Kampala kuanguka Aprili 1979. Wazee wetu wanakumbuka kwa ndoa, kwa kuzaliwa mtoto, kwa vita, kwa msimu mkubwa wa karafuu. Kazi ya mwanafunzi ni kufunga kumbukumbu ile kwenye kigingi.

Na kumbukumbu zinachanganyika. Shida za mwanzo wa sabini na zile za mwanzo wa thamanini kichwani mwa mtu zinaweza kuwa kitu kimoja. Ndo maana weka sharti: kitu hakiingii gazetini mpaka kiwe na mashahidi wawili, wazee wawili wa nyumba tofauti, au mzee mmoja na karatasi au picha. Bei ndo khasa, bei ya kusikia kwa mtu mmoja isichapwe. Wanafunzi wataona senti zinatajwa watacheka, wakumbushe kwamba dola moja ya Marekani wakati huo ilikuwa shilingi nane na senti, basi senti ilikuwa pesa.

Baada ya wazee ni makabati. Ndani ya makasha na mabegi ya watu kuna mali: picha za studio zenye mhuri na tarehe nyuma, risiti, kadi za chama, vyeti vya skuli, barua kutoka Pemba au Muskat zenye stempu, redio mbovu ambayo babu hataki itupwe. Kanga pia, kanga ya sherehe mara nyengine ina tarehe imeandikwa na bibi anakumbuka kaipata wapi. Sharti ni kwamba kitu hakitoki nyumbani, kinapigwa picha pale pale kwa simu, mbele na nyuma, kinarudishwa kashani. Nyuma wasisahau, tarehe nyingi ziko nyuma.

Halafu kuna Nyaraka, ofisi inayohifadhi karatasi za zamani za Zanzibar, pale Kilimani. Usipeleke darasa zima, wapeleke wanne au watano, upige simu au ufike mwenyewe kabla kuuliza utaratibu, uende na barua ya skuli. Wabebe penseli, peni na wino mbali na karatasi za zamani, na mikono iwe mikavu. Wasiende kusoma kila kitu. Waende na suali moja moja, mfano magazeti ya wakati ule yalikuwa na safu ngapi, matangazo yalikaa wapi, kichwa cha habari kilikuwa kirefu kiasi gani. Umbo la gazeti ndo watakaloliona vizuri zaidi kule kuliko pengine popote. Walioko Pemba safari ya Kilimani ni gharama, basi nendeni makumbusho ya ngomeni Chake Chake kwa ajili ya vitu, na umbo la gazeti mtalipata kwa yoyote mjini mwenye gazeti kuukuu la Bara, Uhuru au Daily News la miaka ile, limefunikia kabati.

Kwa Pemba tena, msilazimike kufanya habari yenu kubwa iwe ya Amaan kama ya mjini. Gazeti la Wete la siku ile linaweza kuanza na karafuu. Nani ananunua? Shirika la serikali, ZSTC, ambalo liko tangu 1968. Karafuu zinachumwaje, makonyo yanachambuliwa na nani usiku, majamvi yanaanikwa wapi, mvua ikija ghafla mbio zake. Hapo watoto wa Pemba wataandika vitu ambavyo wa mjini hawaviwezi hata kidogo.

KUANDIKA

Habari ya gazeti inaanza na lililotokea. Nani, nini, wapi, lini, ndani ya sentensi mbili za mwanzo, sababu na maelezo yanafuata, na la mwisho liwe lile ambalo mhariri akilikata hakuna atakaelia. Watoto wetu wamezoea insha, wataanza "Hapo zamani za kale chama cha TANU kilianzishwa mwaka 1954..." Katieni hapo.

Hivi ndo mwanafunzi atakavyoandika mara ya mwanzo:

"CCM ambacho ni chama tawala mpaka leo kilianzishwa tarehe 5 Februari 1977 na Mwalimu Nyerere, Baba wa Taifa, ambae alifariki 1999."

Kila neno la kweli, na gazeti limeshakufa. Na hivi ndo inavyotakiwa:

"Chama cha Mapinduzi kimezaliwa rasmi jana katika uwanja wa Amaan mjini Unguja, baada ya vyama vya TANU na Afro-Shirazi kuungana. Mwenyekiti wa chama kipya ni Ndugu Julius Nyerere na Makamu wake ni Ndugu Aboud Jumbe."

Tafauti waione wenyewe, usiwaambie, waandikie zote mbili ubaoni waache wabishane. "Jana". "Chama kipya". "Ndugu", maana wakati ule viongozi wote ni Ndugu, mheshimiwa mheshimiwa hii haikuwa imeshamiri. Na maneno ya kiongozi msiyabuni. Kama hotuba yenyewe hamnayo mkononi hakuna kuandika "alisema", elezeni kilichofanyika tu. Kubuni msomaji wa kuandika barua inaruhusiwa, kubuni maneno ndani ya mdomo wa mtu wa kweli hairuhusiwi hata kama ni mchezo wa skuli.

Barua za wasomaji ndo mahali pa kumwachia mtoto nafasi. Kijana wa mjini analalamika suruali yake ya bugaluu, ile pana miguuni, na viatu vya raizoni, vile vya soli nene, vimemletea balaa barabarani, mama wa shamba anauliza sukari lini itafika dukani, mwalimu anashangilia wanafunzi kusoma bure, jambo lililotangazwa Septemba 1964. Kila barua itoke kwa kitu alichoambiwa na mzee.

Burudani ni rahisi kuipata, wazee wengi macho yanawaka hapa. Sinema ilikuwa Majestic na Cine Afrique, filamu za kihindi, tiketi, nani alikuwa anazuiwa kwenda na nani anatoroka. Taarab. Na televisheni: wanafunzi hawataamini kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya sabini wakati Bara waliingojea mpaka 1994. Wao wanadhani zamani yote ilikuwa nyeusi na nyeupe, hata nyasi.

ALIYOYANYAMAZIA GAZETI

Hapa nakuombeni sana msiruke, wengi wanaruka. Tuko kwenye chama kimoja, serikali moja ndo yenye vyombo vya habari. Gazeti la siku ile lingeandika foleni ya mkate ukurasa wa mbele? Lisingeandika, au lingeiandika kwa namna yake, walanguzi, magendo, mabeberu. Sasa mwanafunzi kaambiwa na bibi yake habari ya foleni na jiwe, afanyeje? Akiiweka gazetini kavunja ukweli wa gazeti. Akiiwacha kavunja ukweli wa bibi.

Ninavyofanya mimi ni kuongeza karatasi moja ndani ya gazeti, nusu tu ya ukurasa, haina kichwa cha habari wala safu, tunaiita karatasi ya mhariri. Hiyo ni ya leo, inajua kesho. Humo kila kundi linaandika mambo mawili waliyoyasikia kwa wazee ambayo gazeti la 1977 lisingeyachapa, na kwa nini. Watoto wa fomu two wanafahamu vizuri kabisa, pengine kuliko sisi, maana wanajua yepi yanaandikwa kwenye ripoti ya skuli na yepi hayaandikwi.

KUPANGA NA KUCHAPA

Kurasa nne. Karatasi ya A3 ukiikunja katikati ni kurasa nne za A4, basi usihangaike na kubwa zaidi. Kila ukurasa safu tatu, sio mbili, safu mbili inaonekana barua ya harusi. Kwenye kompyuta tumia programu yoyote ya kuandikia inayogawa safu, fonti ya Times New Roman, hiyo imebuniwa tangu miaka ya thalathini kwa ajili ya gazeti la London kwa hiyo haitashtua mtu. Saizi ya herufi 9 au 10 kwa habari. Hakuna rangi. Hakuna vivuli, hakuna emoji, hakuna kile kisanduku chenye kona za mviringo.

Mstari mwembamba kati ya safu unaleta sura ya kizamani kuliko chai yote ya duniani.

Skuli haina kompyuta? Afadhali, wallahi. Kata karatasi vipande vya upana wa safu, kila mwanafunzi aandike kwa mkono mwandiko mdogo au apige taipu kama kuna ofisi inayo mashine ya zamani inafanya kazi, halafu bandika vipande kwenye A3 kwa gundi, vichwa vya habari viandikwe na yule mwenye mwandiko, peleka kutoa kopi. Kivuli cha kingo za vipande kinatoka kidogo kwenye kopi na kinapendeza. Kupanga kwa mkono kunafundisha jambo ambalo kompyuta inalificha: nafasi haitoshi, kitu lazma kikatwe, na mtu lazma aamue ni habari ya nani. Waache wagombane kidogo hapo.

Picha zigeuzwe nyeusi na nyeupe, chini yake maelezo mafupi, na mwenye picha awe amekubali. Kama hamna picha ya tukio chora. Picha ya kutengenezwa na AI ya watu wamejaa Amaan hapana, hata iwe nzuri vipi, mwaka mmoja tu kupita hakuna atakaekumbuka kwamba haikuwa ya kweli. Kwa picha za mji wa wakati ule, Capital Art Studio pale Mji Mkongwe iko tangu 1930, kutizama ukutani kwao peke yake ni darasa.

MSAKO WA KESHO

Sasa wale wahariri watano. Kabla ya kuchapwa kila ukurasa unapelekwa kwa mhariri wa kundi jengine, anasoma neno kwa neno na suali moja tu: mtu wa asubuhi ya tarehe 6 Februari 1977 angelijua hili? Kila kosa analolikamata kundi lake linapata pointi. Utaona darasa linageuka, watu wanaosinzia kipindi cha historia wanasoma mistari kwa rula.

Makosa yanayojitokeza sana, wape baada ya msako wao, sio kabla. Uwanja wa ndege wakati huo ni wa Kisauni, jina la Karume lilikuja baadae sana. Hospitali ya Mnazi Mmoja ilikuwa inaitwa V.I. Lenin. Air Tanzania bado haijaundwa, imekuja mwezi wa Machi. Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika rasmi kwa hiyo hakuna kuandika "iliyokuwa Jumuiya". Baraza la Wawakilishi hakuna mpaka 1980. Bendera ya Zanzibar hii tunayoipeperusha ni ya 2005, wasiichore. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, hakuna. Mji Mkongwe kuwa urithi wa dunia ni mwaka 2000. Ndui bado haijatokomezwa duniani, mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipatikana Somalia Oktoba ya mwaka huo huo wa 1977. Na yule Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda bado yu hai, ameuliwa siku kumi baadae, hilo liliwahi kulifanya darasa zima kunyamaza.

Kuna kesho nyengine zinajificha kwenye lugha. "Mitandao", "changamoto" kila mstari wa pili, "wadau". Hayo nayo yakamatwe.

MAKSI, NA KUPELEKA BARAZANI

Maksi mimi nagawa hivi: arubaini ushahidi, thalathini uandishi, ishirini msako, kumi sura ya ukurasa. Ushahidi ni kijikaratasi kinachobandikwa nyuma ya kila habari kabla ya kuchapwa, kinasema nani kasema, lini kaulizwa, shahidi wa pili ni nini. Bila kijikaratasi habari haina maksi hata ikiwa tamu kama halua. Ukitoa maksi nyingi kwa sura utaletewa mapambo.

Kopi za kwanza zipelekwe kwa wale wazee waliohojiwa, sio kwa afisa wa elimu. Kila kundi lichague baraza moja, liende jioni wakati wa kahawa, mmoja asome kwa sauti wengine waandike. Wazee watasahihisha, na watabishana wenyewe kwa wenyewe, "hapana bwana lile duka lilikuwa upande wa pili", na hapo ndo yatatoka yale yasiyotoka kwenye mahojiano. Yote yaandikwe na jina la baraza na tarehe.

Kisha toeni karatasi ya masahihisho, ukurasa mmoja, kama gazeti la kweli linavyofanya. Gazeti, masahihisho, karatasi ya mhariri na vile vijikaratasi vya ushahidi vyote viingie bahasha moja, viandikwe mwaka na darasa, vikae maktaba ya skuli. Darasa la mwakani wachague tarehe nyengine, ila waanze kwa kuisoma bahasha hiyo, maana majina ya mabaraza na masuali yaliyofaa yote yamo humo.